Siku sita za uumbaji, nilichojifunza kwa kukaa na vijana na swali hili

Kati ya maswali yote ya Biblia ambayo vijana huniletea, hili la siku sita ndo linakuja mara nyingi zaidi, na linakuja na presha. Sijaona kijana anayeuliza habari za siku za uumbaji kupitisha muda tu. Unakuta katoka kubishana na mtu, au kaangalia video usiku kucha, au nyumbani anaambiwa hivi na kitabu cha shule kinamwambia vile, alafu anakuja kwako akiwa ameshajiandaa moyoni kwamba jibu utakalompa litamlazimisha aache kimoja. Mimi siku za kazi nafundisha sayansi na Jumapili nakaa na vijana kwenye darasa la Biblia, kwa hiyo swali hili linanikuta pande zote mbili, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyapata kwa kuishi nalo.

Kuna binti mmoja alinisubiri mlangoni watu wakiwa wanatoka, kashika Biblia yake kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikiandika kwenye mtihani kwamba dunia ina miaka bilioni 4.5 nitakuwa nimemkana Mungu?" Machozi yalikuwa karibu kabisa. Mtu anayemheshimu alikuwa amemwambia kwamba ukishaigusa Mwanzo sura ya kwanza hata msalaba umeshauangusha. Nikamwambia hapana mwanangu, hujamkana, nenda kaandike. Lakini jibu la mlangoni halimtoshi mtu aliyebeba mzigo kama ule, nikaona bora tuifungue sura yote darasani, mstari kwa mstari, kila mtu na penseli yake.

Na hapo ndo nilipopata somo la kwanza, kwamba wengi wanaogombania sura hii hawajaisoma taratibu. Wanajua "siku sita" na wanajua "kwa neno lake", basi. Nikawaambia vijana msitafute kwanza siku zilikuwa na urefu gani, tafuteni nini kinarudiarudia. Wakaanza kupiga mistari. "Mungu akasema" wakaikuta mara kumi. Kule kuona kwamba ni vyema wakakuta mara saba, na ya saba ndo ile "chema sana" ya mwishoni. Kijana mmoja mkimya ambaye huwa hachangii akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, siku ya pili imenyimwa." Darasa zima likainama kwenye vitabu. Ni kweli, siku ya pili Mungu anatenganisha maji ya juu na ya chini na hakuna "vyema", alafu siku ya tatu inatokea mara mbili. Wafasiri wa Kiyahudi wa zamani waliliona hilo, Rashi wa karne ya 11 anasema ni kwa sababu kazi ya maji haikuwa imeisha mpaka siku ya tatu, pale yalipokusanyika mahali pamoja nchi kavu ikaonekana. Nilipowaambia kwamba kitu alichokiona yule kijana kimewasumbua wasomaji kwa karne na karne, nilimwona alivyokaa vizuri kwenye kiti.

Tukachora safu mbili ubaoni. Kushoto siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kulia ya nne, ya tano na ya sita. Siku ya kwanza nuru, mkabala wake siku ya nne jua, mwezi na nyota. Siku ya pili anga na maji, mkabala wake siku ya tano ndege na viumbe wa majini. Siku ya tatu nchi kavu na mimea, mkabala wake siku ya sita wanyama wa nchi na binadamu, ambao wanapewa ile mimea wale. Yaani ni kama mtu anayeandaa vyumba vitatu kwanza alafu anaingiza wakazi kwa mpangilio uleule. Mstari wa pili wa sura ulishasema nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu, na siku tatu za kwanza zinaweka umbo palipokuwa ukiwa, tatu zinazofuata zinajaza palipokuwa utupu. Hii mimi sijaigundua, kuna wanatheolojia wa karne ya 20, akiwemo Meredith Kline wa Marekani, waliosema kwamba mpangilio huu ndo ufunguo wa sura, kwamba siku sita ni fremu ya kuelezea kazi na sio kalenda ya kuhesabia masaa. Unaweza kukataa hitimisho lao lakini mpangilio wenyewe huwezi kuukataa, uko pale kwenye maandishi.

Sasa swali ambalo lazima litoke, na huwa linatoka kwa yule anayependa hesabu, ni hili: jua limewekwa siku ya nne, sasa jioni na asubuhi za siku tatu za mwanzo zilipimwaje? Watu wanadhani swali hili limeletwa na wanasayansi wasioamini. Hapana. Origen, mwalimu wa kanisa la zamani, aliliuliza karne ya 3, na alisema wazi kwamba mtu mwenye akili hawezi kudhani siku hizo zenye jioni na asubuhi zilikuwepo kikawaida bila jua wala mwezi. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alihangaika na Mwanzo maisha yake yote, akairudia na kuirudia, akafika mahali pa kusema kwamba siku hizi ni za namna gani ni vigumu sana kwetu kuelewa, na yeye mwenyewe akaegemea kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja na siku sita ni namna ya kutupangia tuelewe. Upande mwingine askofu Basili wa Kaisaria, karne ya 4, alisimama kwenye masaa 24 na hakuona shida, kwake nuru ya siku ya kwanza ilitosha. Wote hawa watatu ni watu walioomba, walioteseka na waliofundisha kanisa.

Nasisitiza tarehe hizi kwa sababu mara nyingi nasikia watu wakisema tafsiri zote zisizo za masaa 24 zimezaliwa ili kumfurahisha Darwin. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka mwaka 1859. Augustino alikuwa ameshalala kaburini zaidi ya miaka 1400. Ila na upande wa pili nao nawaambia wasimtumie Augustino vibaya, maana yeye hakufikiri dunia ni ya mabilioni ya miaka, aliamini haijafika hata miaka elfu sita tangu binadamu aumbwe. Mtu akimleta kama shahidi wa sayansi ya leo anamwekea maneno mdomoni.

Kuna jambo jingine la Augustino ambalo ningependa kila anayeshika kipaza sauti alisome. Alionya kwamba kuna watu wasioamini ambao wanajua vizuri habari za mbingu, nyota na wanyama, na ni aibu kubwa Mkristo akisimama mbele yao kuongea upuuzi huku anadai ndo maana ya Maandiko, kwa sababu watamsikia akikosea kwenye mambo wanayoyajua, alafu watamwaminije kwenye ufufuo wa wafu? Nimeyaona haya kwa macho. Namfahamu kijana mwenye akili nyingi aliyeambiwa na mtu mzima wa kanisa lake achague, ama masomo ya jiolojia ama Yesu, na alichagua masomo, akaondoka. Hakuondoka kwa sababu alichunguza habari za Kristo akazikuta hazina ukweli. Hakufika huko. Alisimamishwa getini kwa swali la urefu wa siku, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

John Calvin, mwanamageuzi wa kanisa, naye alinisaidia sana kwenye maelezo yake ya kitabu cha Mwanzo ya mwaka 1554. Anasema wataalamu wa nyota wa wakati wake wameonyesha kwamba sayari ya Zohali ni kubwa kuliko mwezi, lakini Musa anauhesabu mwezi kati ya mianga miwili mikubwa, kwa nini? Anajibu kwamba Musa aliandika kwa ajili ya watu wa kawaida, vile macho yao yanavyoona, na mtu anayetaka kujifunza elimu ya nyota aende kwingine. Na huyu Calvin aliamini siku sita za kweli! Kumbe mtu anaweza kushika siku sita bila kuigeuza sura kuwa kitabu cha fizikia. Hilo darasani liliwatuliza wengi, hasa wale ambao wazazi wao wanaamini masaa 24 na hawataki kusikia mtu akiwadharau wazazi wao, na wako sahihi kutotaka.

Kwa hiyo kila tafsiri naileta kwa nguvu yake. Wenye masaa 24 wana hoja nzito, sio watu wa kupuuzwa. Kila siku imepewa namba, imepewa jioni na asubuhi, na amri ya nne kwenye Kutoka 20:11 inasema fanya kazi siku sita upumzike ya saba, maana kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi. Msomaji wa kawaida akisoma hapo anaelewa siku ni siku. Tuna ndugu mmoja Msabato anayehudhuria darasa letu, alisimama akasema kwa utulivu, "Ndugu zangu, kwangu mimi siku zikiwa sio siku, Sabato yangu imesimama juu ya nini?" Hakuna aliyecheka, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Nilichomwambia ni kwamba amri ile inatufundisha tufuate mfano wa Mungu, na mfano unaweza kufuatwa hata kama kipimo cha Mungu na chetu havilingani, maana hata mwaka wa saba wa kuipumzisha ardhi kwenye Walawi 25 unafuata mpangilio uleule wa sita na moja, ila pale ni miaka. Alisema atalifikiria. Bado yuko na msimamo wake na bado ananiita kaka.

Wanaosema kila siku ni kipindi kirefu wanapenda kuleta 2 Petro 3:8, kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Hapa huwa nakuwa mkali kidogo. Petro pale anazungumzia uvumilivu wa Mungu kuhusu kurudi kwa Kristo, hatoi fomula ya kubadilisha siku kuwa miaka. Tena ukisema siku ni vipindi virefu na unataka vilingane na sayansi, unakutana na ukuta, kwa sababu miti ya matunda iko siku ya tatu kabla ya jua na kabla ya samaki, na ndege wako siku ya tano kabla ya wanyama wa nchi kavu, wakati fosili, yaani mabaki ya viumbe wa kale, zinaonyesha viumbe vya baharini ni vya zamani kuliko miti ya matunda na wanyama wa nchi kavu walitangulia ndege. Hailingani. Hoja yao iliyo bora ni ile ya ndani ya sura zenyewe, kwamba Mwanzo 2:4 inaikusanya kazi yote ya uumbaji ndani ya "siku ile", na kwamba siku ya sita ina mambo mengi mno, Adamu anaumbwa, anawekwa bustanini, anawapa majina wanyama, anaonekana hana wa kufanana naye, analala, mwanamke anaumbwa. Hiyo ni hoja ya kukaa nayo.

Ile nyingine inayosema kuna pengo la muda mrefu kati ya mstari wa kwanza na wa pili, iliyovumishwa na Thomas Chalmers huko Scotland mwaka 1814 na baadae kusambaa na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909, sikai nayo muda mrefu. Inaweka historia nzima mahali ambapo maandishi yamekaa kimya.

Na tarehe ya 4004 kabla ya Kristo ambayo watu wanaitaja kana kwamba imo kwenye Mwanzo, haimo. Aliikokotoa askofu mkuu James Ussher wa Ireland mwaka 1650 kwa kujumlisha vizazi na kuoanisha na historia za mataifa, kazi ya msomi makini kwa kipimo cha enzi zake, alafu baadae ikaanza kuchapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na watu wakaizoea kama vile ni aya. Vijana wengi wanashangaa sana wakisikia hivi.

Upande wa sayansi napo sikwepi. Nawaeleza madini ya urani yanavyogeuka kuwa madini ya risasi polepole, kwamba nusu ya urani-238 inachukua karibu miaka bilioni 4.5 kubadilika, na kwamba mwanasayansi Clair Patterson mwaka 1956 alipima risasi iliyomo kwenye vimondo akapata umri wa miaka kama bilioni 4.55. Lakini kinachowagusa zaidi sio namba za maabara. Ni usiku. Ukienda mahali pasipo na taa nyingi, usiku usio na mbalamwezi, na majira yakiwa sawa, unaweza kuona kwa jicho tupu kiwingu hafifu ambacho ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, iitwayo Andromeda, na mwanga unaoingia jichoni mwako umesafiri miaka kama milioni 2.5. Nilimwonyesha kijana mmoja, ikamchukua muda kuipata, alipoipata akanyamaza, alafu akasema, "Sasa Mungu si angeweza kuumba na mwanga ukiwa tayari njiani?"

Angeweza, ndio. Ni swali zuri na nililijibu hivi. Mwaka 1987 nyota moja ililipuka kwenye galaksi ndogo jirani yetu, umbali ambao mwanga huusafiri kwa zaidi ya miaka 160,000, na watu waliiona ikiwaka kwa macho yao. Kama ulimwengu una miaka elfu sita na mwanga uliumbwa njiani, basi nyota ile haikuwahi kulipuka, pengine haikuwahi hata kuwepo, Mungu alichora tu picha ya mlipuko ndani ya mwanga na kututumia. Zaburi 19 inasema mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu. Mimi nashindwa kuamini kwamba Mungu wa kweli ameziagiza mbingu zituhubirie tukio ambalo halikutokea. Mtu mwingine ataweza, mimi nashindwa, na hii ndo sababu kubwa kwangu ya kukubali kwamba ulimwengu ni wa zamani sana, sababu ya kiimani kabisa, ya tabia ya Mungu. Na kumbukeni aliyetangulia kupendekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kidogo kilichotanuka, mwaka 1931, alikuwa padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Hakuuacha upadri wake wala hakuiacha fizikia.

Alafu tulipotua mzigo wa masaa ndipo vijana walipoanza kuisikia sura inasema nini. Mataifa yaliyowazunguka Waisraeli waliabudu jua na mwezi, na sura hii inaviweka siku ya nne, nyuma ya majani, na wala haiviiti kwa majina, inaviita mwanga mkubwa na mwanga mdogo, kazi yake kuangaza na kuhesabia majira. Nyota zimepewa maneno machache tu mwishoni mwa mstari. Kwa mtu aliyelelewa kuogopa nyota hiyo ni habari njema kubwa. Binadamu naye haumbwi kuwa mtumwa wa kulisha miungu kama hadithi za Babeli zilivyosema, anaumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke, na chakula anapewa yeye.

Siku ya saba ndo imenibadilisha mimi zaidi. Siku zote sita zinafungwa na jioni na asubuhi, ya saba haifungwi. Soma uone. Imeanza na haijaambiwa imeisha, na mwandishi wa Waebrania sura ya 4 anajenga hapo, anasema imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu, tuingie. Nilikuwa mtu wa kazi bila kusimama, kusahihisha madaftari mpaka usiku wa manane, kuandaa masomo, vikao, na kila nikikaa najiona mvivu. Kuliona hilo kwenye sura niliyokuwa naisoma kwa ajili ya mabishano ya wengine kulinifanya nianze kufunga madaftari Jumamosi jioni na kuyaacha yafungwe hivyohivyo. Binadamu aliumbwa mwishoni mwa siku ya sita, maana yake siku yake kamili ya kwanza duniani ilikuwa ya kupumzika, alipumzika kabla hajaanza wiki ya kazi.

Linalobaki gumu, na sitaki kulificha, ni kifo. Kama dunia ni ya zamani basi wanyama walikufa muda mrefu kabla ya Adamu, fosili ni mifupa ya wafu, na Warumi 5:12 inasema mauti yaliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Ndugu yetu Msabato analishika hilo kwa nguvu na ana haki. Mimi naona mstari wenyewe unasema mauti yakawafikia watu wote, unazungumzia watu, na Zaburi 104 ambayo ni wimbo wa uumbaji inawataja wana-simba wakinguruma kutafuta mawindo na kusema chakula hicho wanakitafuta kwa Mungu, bila kulilia wala kuona ni uharibifu. Lakini kwenye Mwanzo 1:30 wanyama wanapewa majani, na Isaya anaona siku simba atakula nyasi kama ng'ombe, kwa hiyo jibu langu lina tundu na nimewaambia vijana lina tundu. Yule binti wa mtihani ndiye aliyeomba tulichukue swali hili lote kwenye darasa linalofuata, Warumi 5 mkono mmoja na Zaburi 104 mkono wa pili, na yeye ndiye atakayeongoza.